Vijidudu Sugu vya Malaria na Jinsi Vinavyochunguzwa

Kangeta iko juu katika vilima vya Nyambene, nchi ya miraa na migomba, na baridi ya huko haimfai sana mbu wa malaria. Lakini biashara ya miraa haikai vilimani. Magari hushuka kila siku, na wafanya biashara wa Igembe hulala Mombasa, Kisumu na penginepo palipo na mbu wengi, kisha hurudi makwao. Baada ya majuma mawili hivi mmoja wao hushikwa na homa na kutetemeka. Mtu wa namna hii yumo katika hatari kuliko mtu mzima aliyekulia pwani, kwa sababu mwili wake haukuuzoea ugonjwa huu tangu utotoni. Maisha yake yategemea dawa, na swali ni hili: Je, dawa hiyo ingali na nguvu?

Kijidudu kisichokufa kwa dawa huitwa sugu. Neno hili twalijua sote, maana mkono wa mlimaji huota sugu kwa kushika jembe hata usisikie tena maumivu. Ila mfano huo una kasoro moja. Mkono huwa mgumu wenyewe. Kijidudu hakijifunzi kitu. Katika damu ya mgonjwa mna vijidudu mamilioni kwa mamilioni, na huenda vichache miongoni mwao vimezaliwa na tofauti ndogo iviwezeshayo kuistahimili dawa. Dawa huua vile vingine vyote. Hivyo vichache hubaki, huzaana pasipo mshindani, na mbu huvichukua mpaka kwa mtu mwingine.

Jambo hili lilionekana mapema katika Kenya. Mwaka 1952 na 1953 wakazi wa Makueni, huko Ukambani, waligawiwa dawa iitwayo pirimethamini, wagonjwa na wasio wagonjwa, ili malaria ipungue. Mwaka 1954 Avery Jones aliandika kwamba vijidudu vya huko vilikuwa vimekwisha kuwa sugu. Kisha ikaja zamu ya klorokwini, ile dawa chungu ambayo wazee wengi wanaikumbuka kwa jinsi ilivyowasha mwili mzima. Usugu wake ulianza kuonekana katika Kenya na Tanzania karibu na mwaka 1978, lakini Kenya haikuiacha rasmi mpaka 1998. Miaka ishirini ni mingi mno, na katika miaka hiyo watoto wengi walimeza dawa isiyowafaa. Iliyochukua mahali pake ilikuwa mchanganyiko wa salfadoksini na pirimethamini, yaani ile ile ya Makueni ikiwa na mwenzake, nayo haikudumu. Mwaka 2004 ilikubaliwa kwamba dawa ya kwanza iwe AL, ambayo ni artemetha pamoja na lumefantrini, na vituo vya afya vikaanza kuitoa mwaka 2006.

Ili ucheleweshaji huo usirudi, wataalamu huichunguza dawa ingali inaponya. Kazi yenyewe si ya ajabu, lakini yataka uvumilivu. Mgonjwa aliyeonekana kuwa na vijidudu hupewa dawa mbele ya macho ya mhudumu, asije akaisahau au kuitapika pasipo kujulikana. Damu yake hutazamwa kwa darubini na vijidudu huhesabiwa. Huhesabiwa tena siku zinazofuata, hasa siku ya tatu, kwa kuwa kijidudu kinachochelewa kutoweka ndicho kinachotia shaka. Kisha mgonjwa huitwa siku ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28. Hapa ndipo watu wengi hunung'unika: mtoto amepona, anacheza, kwa nini achomwe kidole tena? Sababu ni kwamba vijidudu vichache vyaweza kujificha pasipo kuleta homa, vikaongezeka tena juma la tatu au la nne.

Mashaka mengine hutokea. Mtoto akionekana ana vijidudu siku ya 21, je, ni vile vya kwanza, au ameumwa na mbu mwingine? Darubini haiwezi kujibu. Kwa hiyo matone ya damu hukaushwa juu ya kipande cha karatasi maalum na kupelekwa maabara, ambako chembe za urithi za vijidudu vya siku ya kwanza hulinganishwa na za vijidudu vya baadaye. Wagonjwa ambao dawa imeshindwa kuwaponya wakizidi 10 katika kila 100, Shirika la Afya Duniani lashauri dawa ibadilishwe.

Karatasi hizo hizo ndizo zilizotoa habari za kutia wasiwasi kutoka kwa jirani zetu. Vijidudu vyenye dalili za usugu kwa dawa za jamii ya artemisini vilitangazwa Rwanda mwaka 2020, kaskazini mwa Uganda mwaka 2021, na Kagera, Tanzania, mwaka 2024. Msomaji asiogope kupita kiasi. Vijidudu hivyo huchelewa kufa, na mara nyingi dawa ya pili iliyochanganywa humo huvimaliza, hivyo mgonjwa hupona. Bali mzigo wote humwelemea huyo mwenzi mmoja, na tumekwisha kuona huko nyuma mambo huendaje.

Iko pia habari ya kufurahisha. Nchi ya Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, na mwaka 2006 madaktari wa Blantyre walitangaza kwamba ilikuwa ikiponya tena karibu wagonjwa wote. Vijidudu sugu, vilipokosa dawa ya kuvipendelea, vilikuwa vimeshindwa na vingine.

Kangeta haina wagonjwa wa malaria wa kutosha kufanyiwa hesabu kama hizi. Uchunguzi hufanywa mahali penye ugonjwa mwingi, kama Siaya na Kwale, na mara nyingi kwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kwa hiyo mfanya biashara wa miraa anayepewa vidonge vyake 24, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, anameza dawa ambayo nguvu yake inajulikana kwa sababu mama mmoja wa Siaya alikubali kumrudisha mtoto wake mzima zahanatini siku ya 28.