Gari Likigoma Alfajiri, Uliza Kabla ya Kununua

Julai moja, kwa muda wa majuma matatu, gari langu lilinifanya nichelewe kufika darasani. Nakaa Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako ukungu wa mwezi huo hupenya hata chini ya boneti. Gari lenyewe ni la 1984, la petroli, lenye kabureta na choki ya kuvuta kwa mkono. Ni la rika moja na zile Peugeot 504 ambazo walimu wengi wa nchi hii walizienzi. Adhuhuri liliwaka mara moja. Alfajiri lilinung'unika, likakohoa, likanyamaza.

Gereji moja iliniuzia betri mpya. Juma lililofuata ikaniuzia koili. Mshahara wa mhadhiri, kama wajuavyo walimu wenzangu, hauna mfuko wa pili. Gari likazidi kugoma.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mzee afanyaye kazi chini ya mti, kando ya barabara. Hakushika spana. Aliniuliza, "Mwalimu, linakataa likiwa baridi tu, ama hata likiwa moto?"

"Likiwa baridi tu, Mzee."

"Na stata inazunguka kwa nguvu?"

"Inazunguka."

"Ukipiga stata, unasikia harufu ya petroli?"

Hapo nikakwama, maana sikuwahi kunusa. Niliona haya. Mwanafunzi wa isimu akiniuliza kwa nini wingi wa "ulimi" ni "ndimi", simruhusu aseme kwamba ile "l" imeharibika. Humwuliza ni katika mazingira gani inageuka "d", hadi atambue kuwa ni pale inapotanguliwa na "n". Ilikuwaje basi nisiliulize gari langu swali hilohilo?

Petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kiwakacho ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini iliyokwisha kupata joto hutaka takriban sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzani. Alfajiri, sehemu kubwa ya petroli hiyo hubaki matone kwenye kuta baridi za njia ya kuingilia injini. Kazi ya choki ni kubana hewa ili petroli izidi, na mvuke upatikane wa kutosha. Ndiyo maana kasoro ya choki hujitokeza asubuhi na kujificha mchana.

Stata ikizunguka kwa uvivu, mshukiwa ni betri, au vichwa vyake vilivyoota ule unga mweupe. Baridi huipunguzia betri nguvu na papo hapo kuifanya oili ya injini kuwa nzito. Lakini stata ikizunguka barabara, jaribu mara kadhaa, kisha fungua plagi moja uitazame. Ikiwa imelowa petroli, basi mafuta yanafika. Ama cheche ni hafifu, ama umevuta choki kupita kiasi. Hapo kagua plagi, pointi, na unyevu ndani ya kofia ya distributa, ambao huku kwetu ni adui wa kila siku na huondolewa kwa kitambaa kikavu tu. Ikiwa plagi ni kavu, mafuta hayafiki, au hayafiki ya kutosha. (Asiwepo mtu wa kujaribu cheche penye mvuke wa petroli. Nimeona nyusi zilizoungua.)

Na ubadilishe jambo moja tu kwa wakati. Walimu wa sayansi huwafundisha hivyo watoto shuleni, nasi tukifika gereji tunasahau.

Plagi zangu zilikuwa kavu. Mzee alifungua kichujio cha hewa, akaniambia nivute choki. Kitufe kilitoka vizuri, lakini kile kibati cha kuzibia hewa ndani ya kabureta hakikutikisika: waya ulikuwa umechomoka kwenye skrubu yake. Akaurudisha, akaukaza. Gari likawaka.

Alinitoza bei ya chai na mandazi. Nilipokuwa nikiondoka akaniuliza, "Ile koili ya kwanza ulienda nayo nyumbani?"

Nilikuwa nimeiacha gerejini, pamoja na betri.