Mchuchuma na Liganga: Ujirani Usiotosha

Kila yanapotajwa makaa ya mawe ya Mchuchuma, iwe barazani, iwe magazetini, iwe katika mikutano ya watu waliosoma, huja swali lile lile kwa maneno yale yale: ikiwa makaa yako Mchuchuma na chuma kiko Liganga, na mahali pote pawili pamo katika wilaya moja ya Ludewa, kwa nini makaa haya hayawashwi chini ya chuma kile, taifa likapata feleji yake lenyewe? Muulizaji, aghalabu mtu mwema mwenye mapenzi na nchi yake, huwa amekwisha kujipa jibu kabla ya kuuliza, nalo ni kwamba yuko mahali fulani mzembe au mwizi aliyeizuia heri hii. Mintarafu ya wazembe na wezi sina la kusema, maana si elimu yangu. Ama mintarafu ya makaa na chuma ninalo, na safari hii nitalisema kwa urefu, kwa sababu kila nilipolisema kwa ufupi swali lilirudi likiwa zima. Makaa yale hayakiyeyushi chuma kile kwa njia ambayo muulizaji anayo moyoni, wala hayatakiyeyusha hata nia za watu wote zikitakata kesho asubuhi.

Makaa ya Mchuchuma ni ya bonde la Ruhuhu, lishukalo kuelekea Ziwa Nyasa, na yamo katika mashapo yale ambayo wanajiolojia huyaita ya Karoo. Yalipoanza kufanyika, yapata miaka milioni 280 iliyopita, ardhi hii ilikuwa imeshikamana na Bara Hindi, Australia na Antaktika katika bara moja kubwa, na barafu nzito iliyokuwa imelifunika ilikuwa ndiyo kwanza imeondoka. Mimea iliyoota katika vinamasi vyake vya baridi, ambayo mashuhuri miongoni mwake ni Glossopteris yenye majani ya umbo la ulimi, ilianguka, ikalala majini, ikafukiwa. Walakini haikufukiwa kwa utulivu. Mito iliyofurika ilileta tope na mchanga juu ya mboji mara kwa mara, na hiyo ndiyo asili ya majivu mengi yanayobaki makaa haya yachomwapo. Tena sehemu kubwa ya mimea hiyo iliguswa na hewa au moto kabla ya kufunikwa, ikapoteza tabia ya kulainika kwa joto, ambayo faida yake itabainika hivi punde. Makaa ya Ruhr na ya Wales, yaliyojenga viwanda vya Ulaya, ni mabaki ya misitu ya zama nyingine na ya hali nyingine ya hewa, na kuyahesabu yote kuwa jamii moja kwa kuwa yote ni meusi ni kosa la msingi ambalo huzaa makosa mengine yote.

Mali hii haikufichwa wala haikugunduliwa jana. Wajerumani walikuwa na habari za makaa ya pande za Ziwa Nyasa kabla karne ya ishirini haijaanza, na mwaka 1932 Stockley, mjiolojia wa serikali ya Tanganyika, alitangaza maelezo ya makaa ya Ruhuhu ambayo hata leo hatuwezi kuyapita pasipo kuyasoma. Kiasi kinachotajwa rasmi kwa Mchuchuma ni tani milioni 428, na watu huitamka hesabu hiyo kana kwamba ni fedha iliyokwisha wekwa benki. Ni hesabu iliyopatikana kwa kuchoronga mashimo na kupima unene wa tabaka katika kila shimo, kisha kukadiria kilicho kati ya shimo na shimo. Na tabaka zenyewe zimeinama, zimekatwa na mipasuko ya ardhi, zimetengwa na udongo uliogeuka jiwe. Baadhi ya makaa yatachimbwa kwa kufunua ardhi, mengine yatahitaji mashimo ya chini, na mengine hayatachimbwa kamwe kwa kuwa gharama ya kuyatoa itapita thamani yake.

Sasa nalifikia lile la kuyeyusha. Tanuri kubwa la chuma, kama lilivyojulikana Ulaya tangu Abraham Darby alipolitilia koki mwaka 1709 pale Coalbrookdale, halilishwi makaa ya mawe kama yalivyotoka ardhini. Hulishwa koki, nayo ni makaa yaliyookwa pasipo hewa kwa joto lipatalo nyuzi 1,000 za sentigredi na zaidi, hata yakatokwa na gesi na lami yakabaki mawe magumu yenye matundu. Koki ina kazi tatu kwa wakati mmoja: huwaka ikatoa joto, hutoa gesi inayoinyang'anya mbale, yaani jiwe lenye chuma, oksijeni yake, na hubeba mgongoni mwake uzito wote wa mbale na chokaa ulio juu yake, ilhali upepo wa moto ukipenya katikati ya vipande vyake kutoka chini hadi juu. Kazi hii ya tatu ndiyo isiyofikiriwa na muulizaji wetu. Ili makaa yatoe koki imara, sharti yalainike yakiokwa, yavimbe, yashikamane, kisha yagande. Na makaa yaliyoipoteza tabia hiyo katika vinamasi vya kale huishia kuwa vumbi na vipande vilegevu, ambavyo vikitiwa tanurini vitapondwa na uzito, vitaziba njia ya upepo, na tanuri litazimika likiwa na shehena yake tumboni. Makaa ya Mchuchuma ni makaa mema ya kuchemshia maji na kuzalishia mvuke. Hayana sifa ya kutoa koki ya kulibeba tanuri la namna ile, na hakuna kauli ya kiongozi wala azimio la mkutano litakaloyapa sifa hiyo.

Lakini tuseme koki imepatikana, imeletwa kwa meli kutoka nchi ya mbali. Hapo mashaka ya pili yanatoka Liganga kwenyewe. Chuma cha Liganga, ambacho kiasi chake kinachotajwa ni tani milioni 126, hakina udugu na makaa ya jirani yake: kilizaliwa katika jabali la moto lililopoa polepole chini sana ya ardhi ya Upangwa, zama nyingi kabla ya jani la kwanza la Glossopteris kuchipua, na kilizaliwa kimechanganyika na metali mbili, titani nyingi na vanadi kidogo, si kama mchanga katika mchele ambao mpishi aweza kuupeta, bali katika punje zile zile za mbale. Katika tanuri la koki titani hugeuka kuwa michanganyiko na kaboni na naitrojeni ambayo haiyeyuki kwa joto lolote linalopatikana humo, kwa kuwa huhitaji takriban nyuzi 3,000. Hivyo mavi ya chuma, yaani taka ya mbale iliyoyeyuka, yanayopasa kutiririka kama maji, huwa mazito, huganda chini ya tanuri, na chuma hakitoki. Watu waliosomea kazi hii wameliogopa jambo hili tangu karne ya kumi na tisa. Kwa hiyo mwenye kusema kuwa makaa na chuma vimewekwa jirani ili vikutane tanurini anasema neno ambalo kila upande wake umekanushwa: makaa hayalifai tanuri hilo, na chuma hakilifai vile vile.

Huletwa mbele yangu, kama hoja ya kunyamazisha, kwamba mababu walifua chuma pasipo shahada wala mkopo. Ni kweli, na ni fahari. Wafipa walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mivukuto, wakapata chuma cha majembe na shoka. Lakini hoja hii haimsaidii anayeileta. Wafipa walitumia makaa ya miti, ambayo hayana kibiriti cha kukifanya chuma kivunjike, na mbale walizozichimba kwao si mbale za Liganga. Na la kuzingatia zaidi ni kwamba chuma chao hakikuyeyuka. Kilinyang'anywa oksijeni kikiwa kigumu, kikatoka donge lenye matundu, likafuliwa kwa nyundo hata taka zikatoka. Maarifa hayo ya kukitenga chuma pasipo kukiyeyusha yanakaribiana zaidi na njia inayoifaa Liganga kuliko tanuri la Darby lilivyo, na lau wanaowataja mababu wangelijua walivyofanya mababu hao, wangeliacha kudai tanuri la koki.

Njia hiyo ipo na imejaribiwa. Glenbrook, huko New Zealand, mchanga wa chuma wenye titani hupashwa moto pamoja na makaa yasiyotoa koki katika matanuri marefu ya mviringo yanayozunguka polepole, hata oksijeni ikatoka. Kisha hutiwa katika tanuri la umeme, nalo likauyeyusha. Highveld, karibu na Witbank katika Afrika Kusini, walifanya hivyo hivyo kwa miongo kadhaa na kuvuna vanadi. Panzhihua, katika jimbo la Sichuan, Wachina walilishinda tanuri la koki lenyewe, baada ya utafiti mrefu na kwa kuchanganya mbale zao na nyingine, ilhali titani nyingi ingali imelala katika vilima vya mavi ya chuma. Panapofuatwa njia ya Glenbrook makaa huacha kuwa mbebaji wa tanuri, yakawa mnyang'anyi wa oksijeni tu, na kazi hiyo makaa ya Mchuchuma yanaiweza. Bei yake ni umeme mwingi usiokatika. Ndiyo sababu mkataba wa mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda uliufunga mgodi, kituo cha umeme wa makaa cha megawati 600 na kiwanda cha chuma katika fungu moja. Na fungu la namna hiyo, pingili yake moja ikikwama, zote hukwama.

Tangu hapo dunia imegeuka. Septemba 2021 China ilitangaza kuwa haitajenga tena vituo vipya vya umeme wa makaa katika nchi za nje, na benki nyingi zimeufunga mlango huo. Kwa upande wetu, bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Maadam umeme wa maji upo, kuliambatanisha tena tanuri la Liganga na kituo cha makaa ni kung'ang'ania shauri ambalo sababu yake imekwisha ondoka.

Yanayowezekana ni haya. Makaa ya kuchomwa yauzwe sasa kwa viwanda vya saruji, kama yauzwavyo makaa ya mgodi wa Ngaka, ila bei ya barabara ihesabiwe kwanza, kwa kuwa reli haijafika na malori yatakula faida. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi yake, iamuliwe kuwa ipo au haipo, maana kila hesabu huiegemea. Mbale za Liganga zipelekwe kwa shehena kubwa zikajaribiwe pamoja na makaa ya Mchuchuma katika tanuri lizungukalo, na matokeo yatangazwe kabla ya mkataba mwingine kutiwa sahihi. Mkataba huo utaje kwa jina vanadi na titani, nani mwenye mali na kwa bei ya soko gani. Makaa yaliyochimbwa yasirundikwe kwa miezi, maana huweza kuwaka yenyewe. Na watu wa vijiji vya Nkomang'ombe na Mundindi, waliongoja fidia kwa miaka mingi, wadai maji ya mito yao yapimwe na kuandikwa kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa, kwa sababu tabaka zenye kibiriti zikifunuliwa kwa hewa na mvua huweza kutoa maji makali, na pasipo vipimo vya awali itakuwa taabu kuithibitishia mahakama yoyote ni nani aliyeyaharibu.