Shanga ya Kaka la Yai

Sogeeni, wajukuu zangu. Mnakumbuka tulipofika ukingo wa milima ya Mbulu mkaniuliza kule chini kunakometameta ni nini? Lile ni Ziwa Eyasi. Kando yake kuna mwamba uitwao Mumba, na chini ya mwamba huo watu wamejihifadhi tangu zamani mno. Miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit walikwenda kuchimba pale. Katika matabaka ya udongo yaliyolala makumi ya maelfu ya miaka mna zana za mawe, mifupa ya wanyama, na shanga ndogo za kaka la yai la mbuni.

Zana za mawe sizishangai sana. Hata sokwe ana zana: mwaka 1960, kule Gombe, Jane Goodall alimwona mmoja akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akalitoa limejaa mchwa, akala. Lakini shanga! Shanga haikati nyama wala haichimbi mizizi. Na kuitengeneza ni kazi hasa. Unavunja kaka vipande vidogo, unatoboa kila kipande katikati, polepole kisipasuke, unavitunga, kisha unasugua kingo juu ya jiwe hadi ziwe duara. Jua linazama, tumbo halijapata kitu.

Sasa mfikirieni yule aliyekuwa akisugua. Shingo yake mwenyewe haioni. Atakayeiona ni mwingine. Basi kabla hajavaa alikwishatoka katika macho yake, akaingia katika macho ya jirani, akageuka na kujitazama: watanionaje? Hiyo ndiyo akili inayojigeukia, na kwangu mimi ndilo ajabu kubwa la binadamu. Fuvu la kichwa halihifadhi wazo. Shanga imelihifadhi.

Tena wazo hilo lilitembea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipima shanga zaidi ya 1,500 za mashariki na kusini mwa Afrika, ukaona kwamba miaka 50,000 hivi iliyopita zilifanana, ingawa maelfu ya kilomita yalizitenganisha. Wazo lilipokewa shingo kwa shingo.

Leo, katika Bonde la Yaeda, karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe bado wanawinda na kurina asali, na wanawake wao bado wanatunga shanga, ingawa nyingi sasa ni za kioo na plastiki. Tukienda, mwangalieni msichana akimaliza kufunga yake. Hataitazama shanga. Atakutazama wewe usoni.