Nyumba ya Ngong na Walioimiliki

Karibu na Nairobi, upande wa vilima vya Ngong, ipo nyumba ya mawe yenye paa la vigae na baraza pana za kukinga jua. Ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, Mswidi. Mwaka 1917 ilipata wenyewe wapya, Karen Blixen wa Denmark na mumewe, waliolima kahawa. Lakini nchi ile i juu mno kwa kahawa. Hasara ikazidi, na mwaka 1931 shamba likauzwa. Wakikuyu waliokaa humo iliwapasa kuhama. Bibi Blixen akaiomba Serikali wasitawanywe, nao wakapewa ardhi mahali pamoja. Mwaka 1964 Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo kuwa zawadi ya uhuru, na tangu 1986 ni makumbusho.