Imani na Matendo ya Huruma kwa Wakatoliki wa Kusini mwa Maniema

Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, Kanisa Katoliki lilifika mahali ambapo Kiswahili na Uislamu vilikuwa vimekwisha kutangulia pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani, kwa kuwa mji wa Kasongo ulikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya mfanyabiashara Tippu Tip na watu wake hadi ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Mapadri Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika walioanzishwa na Charles Lavigerie mwaka 1868, ndio waliojenga misheni huko. Kasongo ikawa vikarieti ya kitume mwaka 1952, na jimbo kamili mwaka 1959. Kwa kuwa dini hizo mbili zilikutana hapo, familia nyingi zina ndugu Wakristo na ndugu Waislamu, na swali la namna mtu anavyookoka huzungumzwa ndani ya nyumba moja.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hilo yalifafanuliwa na Mtaguso wa Trento, katika hati yake ya tarehe 13 Januari 1547 kuhusu kuhesabiwa haki, yaani kufanywa mwenye haki mbele ya Mungu. Mtaguso huo ulifundisha kwamba hakuna tendo la binadamu linaloweza kustahili neema ya kwanza, ambayo Mungu huitoa bure kwa ajili ya Kristo, wala imani peke yake, isipoungana na matumaini na mapendo, haimtii mtu uzima. Matendo mema, basi, hufuata neema na kuikuza, na hata mastahili, yaani haki ya kupewa tuzo, hutokana na neema hiyohiyo. Mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja wakikubaliana kwamba wokovu ni kipawa cha neema, na kwamba matendo mema ni matunda yake.

Fundisho hilo huonekana mapema katika ukatekumeni, yaani muda wa maandalizi ya ubatizo, ambao kwa utaratibu wa Lavigerie ulichukua miaka minne. Mwombaji hakupimwa kwa kukariri katekisimu tu: mwenendo wake ulitazamwa pia, hasa namna alivyoishi na majirani na kama alikuwa tayari kushika ndoa ya mke mmoja. Hata hivyo ubatizo haukuhesabiwa kuwa mshahara wa miaka hiyo, kwani mtoto mchanga, na mgonjwa aliye kufani ambaye hajatenda lolote, walibatizwa kwa neema ileile.

Baada ya ubatizo, mahali pa kutendea mema ni shirika, jina ambalo Wakatoliki wa mashariki mwa Kongo huipa jumuiya ndogo ya majirani wanaokutana kusali, kusoma Injili na kupanga msaada kwa mwenye shida. Desturi hii huonekana wazi zaidi kwenye matanga. Wanawake wa shirika huleta mchele, unga wa muhogo, kuni na maji, wakapika wakati wafiwa wamekaa chini, huku wanaume wakichimba kaburi na kukesha nje. Jirani Mwislamu huja vilevile, na Mkatoliki naye huenda kwake siku ya msiba. Kuwalisha wenye njaa na kuwazika wafu ni miongoni mwa matendo saba ya huruma ya kimwili, na kuwaombea marehemu ni miongoni mwa yale saba ya kiroho. Misa ya marehemu hutegemea imani ya toharani, hali ya kutakaswa baada ya kifo kwa wale waliokufa katika urafiki na Mungu. Sadaka inayotolewa kwa ajili ya Misa hiyo hailipii nafasi mbinguni, na padri huhimizwa kuwasomea Misa maskini hata bila kupokea kitu.

Salamabila, katika eneo la Kabambare karibu na machimbo ya Namoya, ni mji wa dhahabu, na dhahabu hulipwa kwa uzito. Hesabu ya namna hiyo ikiingizwa katika dini, mtu aweza kudhani kwamba mema yake yatawekwa mizanini na kununuliwa. Sakramenti ya kitubio hulikataa wazo hilo kwa pande mbili. Mnunuzi aliyemwibia mchimbaji kwa mizani ya uongo huondolewa dhambi bila malipo, akitubu kweli. Lakini toba ya kweli humdai arudishe alichochukua, maana msamaha wa Mungu haulifuti deni la jirani.

Kielelezo cha karibu ni Mwenyeheri Albert Joubert, padri aliyezaliwa na baba Mfaransa na mama Mkongo, aliyeuawa Fizi, ng'ambo ya mpaka wa mashariki wa Kabambare, tarehe 28 Novemba 1964 wakati wa uasi wa Simba, na kutangazwa mwenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024 pamoja na wamisionari watatu Waxaveri. Kanisa humheshimu kama shahidi bila kusema kwamba aliinunua mbingu kwa damu yake. Hufuata fundisho la Mtakatifu Augustino kwamba Mungu anapowatuza watakatifu huwa anatuza vipawa vyake mwenyewe. Kwa kipimo hichohicho, mama anayebeba kuni kwenda matangani na padri aliyetoa uhai wake hutofautiana kwa ukubwa wa tendo, lakini wote wawili hutenda kwa nguvu waliyoipokea kabla ya kustahili chochote.