Usukani Ukitetemeka Barabara Kuu, Kagua Magurudumu Kabla ya Kununua Vipuri

Gari linashuka kutoka kijijini likiwa limetulia kabisa. Linaingia barabara kuu ya Mombasa pale Maungu, dereva anaongeza mwendo, na sindano ikikaribia kilomita 80 kwa saa usukani unaanza kutetemeka mikononi. Akifika 100 unatulia. Madereva wengi huizoea hali hii na kuikwepa kwa kukanyaga mafuta zaidi.

Wakazi, tafadhali msifanye hivyo. Mtetemo husikika sana pale mizunguko ya gurudumu inapoafikiana na mchezo wa springi za gari, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati ufaao. Ukipita mwendo huo mikono inapumzika, lakini kasoro ingalipo na nguvu yake inaendelea kukua. Inayoumia ni beringi, viungo vya usukani na tairi lenyewe, nawe uko katikati ya malori.

Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo: uzito usiolingana. Tairi la gari dogo kama Probox huzunguka takriban mara 15 kila sekunde likienda kilomita 100 kwa saa. Gramu 30 zikizidi upande mmoja wa rimu, hulivuta gurudumu kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo nne, huku na huku, mara 15 kwa sekunde. Kwa mwendo wa 50 nguvu hiyo hushuka hadi robo. Ndiyo maana ukizunguka mjini Voi husikii lolote.

Gramu hizo hutoka wapi? Kipande cha risasi kilichobanwa ukingoni mwa rimu kimeng'oka ulipoingia shimoni. Tairi limezibwa pancha kwa kiraka kikubwa. Au ni matope, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Msimu wa mvua udongo mwekundu wa barabara zetu hujaa upande wa ndani wa rimu, ukakauka kama tofali. Anza hapo, kwa sababu ni bure: mwaga maji, sugua ndani ya rimu zote nne, kisha ujaribu tena. Pima pia upepo wa tairi.

Mtetemo ukiendelea, nenda kwenye mashine ya kubalansi magurudumu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa mwenye gari huomba alainimenti. Hizo ni kazi mbili tofauti. Alainimenti hunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Ikiharibika, gari huvuta upande mmoja au tairi huliwa ukingoni. Kwa kawaida haitetemeshi usukani. Mweleze fundi unachosikia na mwendo unaoanzia, usimtajie kipuri cha kubadilisha.

Kuna jaribio jingine rahisi. Kama tairi zote ni za saizi moja, hamisha za mbele ziende nyuma. Mtetemo ukihama kutoka usukani hadi kwenye kiti, kasoro imo kwenye tairi au rimu, na hakuna haja ya kununua kiungo chochote. Ukibaki usukanini, chunguza habu, beringi na viungo vya mbele. Walioweka rimu za urembo wahakikishe tundu la katikati linakaa sawasawa kwenye habu. Likiwa kubwa mno, hata mashine nzuri haitasaidia.

Usukani unaotetemeka tu unapokanyaga breki huashiria diski zilizochakaa bila usawa. Unaotetemeka unapokanyaga mafuta na kutulia ukiachilia humwelekeza fundi kwenye ekseli na viungo vyake.

Zipo dalili zisizongoja gereji. Mtetemo ukianza ghafla, au ukisikia tairi likidunda hata kwa mwendo mdogo, punguza mwendo taratibu, toka barabarani kabisa, washa taa za tahadhari na uweke pembetatu. Kagua nati kama zimelegea. Pitisha jicho kwenye tairi: likiwa na uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika na linaweza kupasuka wakati wowote. Weka la akiba hapo hapo. Tairi kuukuu huwa hivi hata likiwa na meno mazuri, kwa hiyo soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Soma kabla ya kulipia, hasa tairi la mtumba.

Ukitaka kukagua viungo nyumbani, simamisha gari pahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, kisha inua la mbele kwa jeki. Usiingize mwili chini ya gari. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, shuku beringi au boljointi. Likicheza kushoto na kulia, shuku tairodi. Gari lenye mchezo wa aina hii lisiingie barabara kuu hadi litengenezwe.

Fundi akimaliza, nati zikazwe kwa kuvuka, moja hapa na inayofuata upande wa pili. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama uzikaze tena, kwa spana ile ile uliyo nayo kwenye buti.