Maonyesho ya Muda Ndani ya Nyumba za Kale

Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomhusu mtu mmoja na nyumba yake: John Soane, msanifu aliyelijenga upya jumba la Benki ya Uingereza, alitaka makazi yake ya Lincoln's Inn Fields, London, pamoja na sanamu, michoro, vitabu na mawe ya kale aliyoyakusanya, yabaki baada ya kufa kwake, kadiri iwezekanavyo, vile vile alivyoyaacha, na watu waingie kuyatazama. Soane alifariki mwaka 1837, na hadi leo wasia huo unashikwa kwa taadhima. Basi hapo pana mas'ala inayowashughulisha watunzaji wa nyumba za namna hiyo kila mahali: nyumba isiyoruhusu hata kiti chake kusogezwa itapokeaje maonyesho ya miezi michache, na kwa nini iyapokee?

Swali la pili ni jepesi. Aliyekwisha kuiona nyumba isiyobadilika aghalabu harudi, na nyumba isiyorudiwa hukosa fedha za kuziba paa lake. Lakini iko sababu iliyo bora zaidi, nayo ni kwamba nyumba hizi hazikutulia hivi zilipokuwa na wenyewe. Soane huyo huyo, aliponunua kwa pauni 2,000 jeneza la alabasta la Farao Seti wa Kwanza mwaka 1824, baada ya wakuu wa British Museum kuikataa bei yake, aliiwashia nyumba taa za mafuta jioni tatu za mwaka uliofuata, akaalika wageni karibu 900 waje kulitazama. Hayo yalikuwa maonyesho ya muda, na aliyeyaandaa ni mwenye nyumba.

Siku hizi maonyesho ya muda ya nyumba hiyo ya Soane aghalabu huwekwa katika nambari 12, iliyoungana na nambari 13 alimoishi. Ni njia ya salama, ila mtazamaji aweza kutoka pasipo kuikumbuka nyumba.

Mimi nimevutwa zaidi na njia iliyofuatwa katika nyumba ya Sigmund Freud, tabibu wa maradhi ya nafsi, aliyewakimbia Wanazi kutoka Vienna mwaka 1938 akafia London mwaka uliofuata. Binti yake Anna aliishi katika nyumba hiyo ya London hata akafariki mwaka 1982, na baada ya miaka minne ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 1999 msanii wa Kifaransa Sophie Calle aliruhusiwa kuweka vitu vya maisha yake kati ya vitu vya Freud, pamoja na visa vyake vifupi. Na juu ya kochi lile lenye zulia la Kiajemi, walipolala wagonjwa wakieleza siri zao, akalaza gauni lake la harusi. Katika ukumbi mtupu gauni hilo lingekuwa nguo. Pale lilikuwa ungamo.

Kazi yenyewe ina masharti mazito. Ukuta haupigwi msumari, bali picha huegemezwa kwenye fremu isimamayo yenyewe. Karatasi na nguo za kale hukadiriwa mwanga wa lux 50 tu. Wageni huingizwa kwa zamu ili sakafu isielemewe. Na kabla ya yote kila chumba hupigwa picha na kila ufa huandikwa, ili siku ya kufungasha ijulikane kama umeongezeka.

Nasi pwani tunayo nyumba ya makumbusho mjini Lamu, nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Misana yake, yaani vyumba vyake, ni mirefu na myembamba, kwa kuwa upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko, hivyo ubao mkubwa wa maelezo ungeziba njia. Lakini nyumba za waungwana wa Lamu zina zidaka za chokaa, safu juu ya safu, zilizofanywa mahususi kuwekea sahani za Kichina na vyombo vya thamani. Mtunzaji akiazima mitaani vyetezo, mirashi na vijaluba, akavipanga zidakani kwa mwezi mmoja, hatahitaji kujenga kitu. Sharti ni kwamba kila chombo kiandikiwe hati, pamoja na kila alama ya kuchakaa iliyomo, mbele ya mwenyewe, kabla hakijavuka kizingiti chake.